Mbwa Wako Akipambana na Mnyama wa Porini

Somo la wiki: kusoma, msamiati na sarufi, kwa wanafunzi wa ngazi ya pili na ya tatu pamoja na wazazi



Majira ya joto yanakaribia. Hapa kaskazini mwa jimbo la New York, jioni zimekuwa ndefu na wanyama wa porini wametoka mafichoni wakiwa na watoto wao. Rakuni wanapekua mapipa ya taka, vicheche wanapita chini ya ngazi za nyuma ya nyumba, na wale mlio jirani na misitu mmeshamwona nungunungu akipanda mti. Familia kadhaa za shule yetu sasa zinafuga mbwa, na ndiyo maana tumechagua somo hili.

Soma kwanza kisa. Tumekitunga kwa ajili ya darasa, lakini kila jambo lililomo linaweza kutokea kwenye ua wa nyumba yako.

Kisa: Plasta ya Baraka

Baraka ana miaka kumi. Mbwa wake anaitwa Simba. Mama hakumtaka Simba tangu mwanzo. Alikubali kwa sharti moja: "Huyo mbwa akileta matatizo, anaondoka."

Usiku wa Alhamisi Baraka alimtoa Simba uani kabla ya kulala. Mara akasikia mngurumo, kisha kelele kama za paka wawili wanaogombana. Simba na rakuni mkubwa walikuwa wamekamatana kando ya pipa la taka. Baraka hakufikiri. Alirukia katikati, akamshika Simba mkanda wa shingoni na kumvuta. Rakuni alipenya chini ya uzio, akatokomea gizani.

Simba alikuwa na damu kidogo sikioni. Baraka naye alikuwa na kidonda kidogo mkononi, karibu na kidole gumba. Hakujua ni Simba aliyemuuma au ni rakuni. Alikumbuka sharti la Mama. Akaingia chooni, akasuuza mkono kwa maji, akabandika plasta na kwenda kulala. Hakumwambia mtu.

Jumamosi Bibi alikuja kuwatembelea.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hebu lete mkono huo. Umefanya nini?"

"Nimejikwaruza tu, Bibi."

Bibi hakugombeza. Alikaa kitandani, akampakata mkono ule kwenye kiganja chake.

"Baraka, nikiwa msichana kule Kigoma, jirani yetu alikuwa na mtoto wa rika lako. Aliumwa na mbwa njiani akitoka shule. Akaogopa kusema, kwa kuwa alikatazwa kupita njia ile. Kidonda kikapona. Sote tulidhani ni mzima. Baada ya wiki nyingi akaanza kuogopa maji. Hatukuweza kumsaidia tena. Sikuulizi ili nikuchape. Nakuuliza ili nikuone ukikua. Nani amekuuma?"

Baraka akalia, akasema yote.

Mama alipiga simu hospitali, kisha idara ya afya ya kaunti. Rakuni alikuwa amekimbia, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumpima. Daktari alisema: "Hamjachelewa. Lakini tusingoje hata siku moja zaidi." Baraka akaanza sindano siku hiyohiyo. Simba, ambaye chanjo yake ilikuwa bado haijaisha muda, alichanjwa tena ya kuongezea nguvu, na familia ikaagizwa kumwangalia nyumbani kwa siku 45.

"Mama, Simba ataondoka?" Baraka aliuliza kwenye gari.

Mama alinyamaza kidogo. "Simba hakuficha kitu," akasema. "Na wewe usinifiche tena."

Jina la ugonjwa linatudanganya

Ugonjwa aliouogopa Bibi unaitwa kichaa cha mbwa. Kwetu jina hilo ni sahihi kabisa. Duniani kote, karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu huambukizwa na mbwa, na watoto wengi ni miongoni mwa wanaoumwa. Mzazi aliyekulia Kigoma, Bukavu au Mombasa alifundishwa kumwogopa mbwa asiyemjua. Alifundishwa vizuri.

Marekani mambo ni tofauti. Mbwa wamechanjwa kwa miaka mingi, hata mwaka 2007 serikali ikatangaza kwamba aina ya kirusi inayoenezwa na mbwa kwa mbwa imetoweka nchini. Lakini ugonjwa wenyewe haujatoweka. Unaishi porini: kwa rakuni, vicheche, mbweha na popo. Hapa mbwa wako si chanzo. Mbwa wako ni daraja. Anaweza kukutana na mnyama mgonjwa nje, kisha akauleta ugonjwa ndani, mpaka kwenye mikono inayompapasa.

Kirusi cha kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate. Huingia mwilini kwa kuumwa, au mate yakigusa jeraha, jicho au mdomo. Kisha husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua wiki kadhaa, mara nyingi hata miezi. Katika muda huo mtu hajisikii mgonjwa. Sindano zikitolewa kabla ya dalili, karibu kila mtu hupona salama. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana kuficha ni hatari kuliko kidonda chenyewe. Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Hatua kwa hatua: mtu kwanza, mbwa pili, mnyama mwache

Jifunze mpangilio huu kwa moyo. Ukiwa na hofu, kichwa hukumbuka maneno mafupi tu.

*Wakati wanapigana*

1. Usiingie katikati. Usimshike mbwa wako mkanda wa shingoni. Mbwa aliyepandwa na hasira haangalii anamuuma nani, hata kama anakupenda.

2. Mwite mtu mzima kwa sauti.

3. Piga kelele. Gonga sufuria, piga honi ya gari, fungua mpira wa maji na uwamwagie wote wawili. Mtu mzima anaweza kuwarushia blanketi au kusukuma ubao mpana katikati yao.

4. Mwachie mnyama wa porini njia ya kukimbilia. Mnyama aliyebanwa kwenye kona hupigana mpaka mwisho. Aliyeona upenyo huondoka.

*Wakishaachana: mtu kwanza*

5. Jiangalie mikono, miguu na uso. Je, umeumwa? Umekwaruzwa? Mate yamekurukia machoni au mdomoni?

6. Kama ndiyo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi. Tumia saa, usikisie. Jambo hili dogo hupunguza sana hatari, kwa sababu huondoa kirusi kabla hakijaingia ndani. Usipake majivu, kahawa, mafuta ya taa wala dawa ya majani. Kama ni jicho, lisafishe kwa maji mengi safi.

7. Mwambie mzazi papo hapo. Mzazi ampigie daktari simu siku hiyohiyo, kisha idara ya afya ya kaunti. Hata kama zimepita siku tatu, sema. Hata kama umepita mwezi, sema.

*Mbwa pili*

8. Mtu mzima avae glavu kabla ya kumgusa mbwa. Mate ya yule mnyama yanaweza kuwa bado yako kwenye manyoya. Watoto wakae mbali kwanza.

9. Mfungeni kamba, mwingizeni mahali tulivu, mkague mwili mzima: masikio, shingo, miguu, tumbo. Tundu dogo la jino huonekana si kitu kwa juu, lakini ndani nyama inaweza kuwa imechanika. Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi.

10. Mpigieni simu daktari wa mifugo, hata kama jeraha ni dogo. Atahitaji kujua tarehe ya chanjo yake ya mwisho. Mbwa aliyechanjwa kwa kawaida huongezewa chanjo na kuangaliwa kwa siku 45. Mbwa asiyechanjwa anaweza kutengwa kwa miezi minne, na wakati mwingine wakuu wa afya huagiza auawe. Tofauti ya hayo mawili ni sindano moja iliyotolewa au iliyosahaulika.

11. Msimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Panadol na ibuprofen zinaweza kumdhuru mbwa vibaya.

*Mnyama mwache*

12. Usimfuate, usimrushie mawe, usimguse hata akiwa amekufa. Kama amekufa au amejeruhiwa, idara ya afya itasema nini kifanyike, kwa kuwa wakati mwingine wanataka kumpima. Kipimo hufanywa kwenye ubongo, kwa hiyo kichwa chake kisipondwe.

Wageni wanne wa uani

*Rakuni.* Ana ukubwa wa paka mnene, uso wenye weusi kama amevaa barakoa, na mkia wenye pete. Hupenda takataka na chakula cha mbwa kilichoachwa nje. Ukimwona mchana si lazima awe mgonjwa. Mara nyingi ni mama anayetafutia wanawe chakula. Lakini akiyumba, akitokwa na mate, au akikujia bila woga, ingia ndani na umwambie mtu mzima. Mkojo wa rakuni unaweza pia kubeba ugonjwa ambao Tanzania unajulikana kama homa ya mgunda. Mbwa huupata kwa kunywa maji ya madimbwi. Ipo chanjo yake. Mwulizeni daktari wa mifugo.

*Kicheche.* Kicheche wa Afrika Mashariki na kicheche wa Marekani wanafanana kama mapacha: wote ni weusi wenye mistari myeupe, na wote hutoa harufu kali wakitishwa. Wataalamu wanasema ni wa jamii mbili tofauti, ila kwa pua ya mbwa hakuna tofauti. Kicheche hutoa onyo kwanza. Hukanyaga chini kwa miguu ya mbele, hugeuka na kuinua mkia. Ukiona hivyo, mrudishe mbwa wako. Dawa yake hufika mita tatu au zaidi.

Mbwa akishapigwa na harufu hiyo, msimwingize ndani kabla ya kumwogesha. Watu wengi watakwambia umwoshe kwa maji ya nyanya. Hayaondoi harufu, pua yako ndiyo huchoka na kuizoea, kisha jirani akija huziba yake. Harufu inatokana na kemikali zenye salfa, na mwaka 1993 mkemia wa Marekani, Paul Krebaum, alitoa mchanganyiko wa kuzibadilisha zisinuke tena. Huu hapa, ufanywe na mtu mzima:

- lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya chupa ya kahawia ya duka la dawa;
- robo kikombe cha soda ya kuokea ya unga (si hamira, wala si magadi);
- kijiko kidogo kimoja au viwili vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.

Changanyeni kwenye ndoo iliyo wazi na mtumie hapo hapo. Vaeni glavu. Msugueni mbwa manyoya yote, lakini isiingie machoni, puani wala mdomoni. Ngojeni dakika tano, kisha suuzeni kwa maji mengi. Angalizo kubwa: msiweke mabaki kwenye chupa na kufunga kifuniko, kwa kuwa mchanganyiko hutoa gesi na chupa itapasuka. Pia mbwa mweusi anaweza kubadilika rangi kidogo. Macho yake yakiwa mekundu, yasafisheni kwa maji safi na mpigieni daktari. Na msisahau: kicheche akiwa amemuuma mbwa, harufu si tatizo kubwa tena. Rudini kwenye hatua ya kwanza hadi ya kumi na mbili.

*Nungunungu.* Harushi miiba kama mishale, ingawa hata kwetu watu husimulia hivyo. Miiba humchoma anayemgusa. Nungunungu wa hapa ana miiba kama 30,000, na ncha zake zina vijino vidogo sana vilivyoelekea nyuma, kama ndoana. Nungunungu wa Afrika ana miiba mirefu zaidi, lakini haina vijino hivyo. Ndiyo maana mwiba wa hapa huingia kwa urahisi na kugoma kutoka, na ukiachwa huzidi kuzama. Msiikate kwa mkasi. Mwiba uliokatwa ni mgumu zaidi kuushika. Msiivute nyumbani ikiwa mingi au ikiwa mdomoni, machoni au kifuani. Mzuieni mbwa asijikune, mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo. Atamlaza kwa dawa ya usingizi na kuitoa mmoja mmoja.

*Popo.* Mbwa hupenda kumdaka popo aliyeanguka. Jino la popo ni dogo sana hivi kwamba alama yake inaweza isionekane. Usimwokote kwa mkono. Mtu mzima anaweza kumfunika kwa ndoo au kopo, kisha kupiga simu idara ya afya. Ukiamka na kumkuta popo chumbani ulimolala, waambie wazazi kabla hawajamfukuza dirishani. Popo akishatoka hawezi kupimwa.

Na je, mbwa akikuletea mtoto wa sungura, au akimkuta mtoto wa paa amejilaza kwenye nyasi? Mfunge mbwa, ondokeni. Mara nyingi mama yake hayuko mbali, anangoja nyinyi mpite. Mkiona amejeruhiwa, msimlee nyumbani. Tafuteni mtunza wanyamapori mwenye leseni.

Kwa wazazi: mambo manne

Kwanza, chanjo. Sheria ya New York inataka mbwa achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kabla hajapita miezi minne, na chanjo irudiwe kwa wakati. Kaunti huandaa siku za kuchanja, mara nyingi bure au kwa mchango mdogo. Bandikeni cheti kwenye mlango wa friji. Nyumbani pia kazi hii inafanyika: kisiwani Pemba kampeni za kuchanja mbwa ziliuondoa ugonjwa, uliporudi mwaka 2016, mbwa wakachanjwa tena, na ukaondolewa tena. Kinga ni bora kuliko tiba.

Pili, sindano. Wengi wetu tunakumbuka hadithi za sindano nyingi za tumboni, na watoto wamezisikia kutoka kwetu. Siku hizi si hivyo. Mtu ambaye hajawahi kuchanjwa hupewa dawa ya kinga kuzunguka jeraha siku ya kwanza, kisha kwa kawaida chanjo nne za begani ndani ya siku 14. Mwambieni mtoto ukweli huu kabla hajauhitaji.

Tatu, lugha na gharama. Mkipiga simu, muwe na majibu haya: mnyama gani, siku gani na saa ngapi, mahali gani mwilini, mbwa alichanjwa lini, mnyama yuko wapi sasa. Hospitali zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho hutakiwa kutoa mkalimani bila malipo. Ombeni wa Kiswahili. Msimfanye mtoto aliyeumwa kuwa mkalimani wa ugonjwa wake mwenyewe. Na msikae nyumbani kwa kuogopa bili. Iulizeni idara ya afya ya kaunti jinsi matibabu haya yanavyolipiwa.

Nne, na hili ni zito kuliko yote: angalieni masharti mliyompa mtoto. Katika nyumba zetu nyingi mbwa aliingia kwa maombi na ahadi nyingi. Mtoto anajua kwamba kosa moja linaweza kumpoteza rafiki yake. Mama wa Baraka hakukosea kuweka sharti, lakini sharti lile ndilo lililofunga mdomo wa mtoto kwa siku mbili. Mwambieni leo, mkiwa mmekaa vizuri: "Ukiumwa, sema. Hutachapwa, na mbwa hatafukuzwa kwa sababu umesema."

Msamiati: maneno manne ya maji

Kiswahili hakina neno moja tu la kuondoa uchafu kwa maji. Angalia:

- *kunawa*: mikono, uso au miguu yako. "Nawa mikono ukimaliza kumgusa mbwa."
- *kuoga*: mwili mzima. Ukimfanyia mwingine, *unamwogesha*. "Baba anamwogesha Simba."
- *kuosha*: vyombo, jeraha, gari. "Osha jeraha kwa dakika 15."
- *kufua*: nguo. "Fua shati lililorukiwa na mate."

Na tazama neno *kuuma*. "Mbwa ameniuma" maana yake meno yake yamenishika. "Mkono unaniuma" maana yake nasikia maumivu. Mbele ya daktari, tofauti hiyo ni kubwa. Sema waziwazi: "Rakuni ameniuma mkononi, na mkono unaniuma." Akitumia kucha, sema "amenikwaruza", akitumia ulimi, sema "amenilamba".

Sarufi: kuamuru na kukataza

Wanyama hufuata viumbe wenye uhai, kwa hiyo tunasema *mbwa wangu amekimbia*, *mbwa wangu wamekimbia*. Tusiseme "mbwa yangu". Lakini jamaa husema *dada yangu*, *bibi yangu*.

Ukiagiza kuhusu mnyama mmoja, weka *m* (au *mw* mbele ya irabu) kabla ya kitendo: *mwache*, *mfunge*, *mwite*. Ukikataza, anza na *usi*: *u-si-m-guse*, *u-si-m-fuate*. Wakiwa wengi, *m* inakuwa *wa*: *waache*, *usiwaguse*. Mwisho wa kitendo ni *e*: *guse*, si "gusa". Vitendo vyenye asili ya Kiarabu havibadiliki mwisho: *usimsahau*, *usimjaribu*.

Zoezi

A. Jibu kwa sentensi kamili.

1. Kwa nini Baraka hakumwambia Mama?
2. Bibi alifanya nini kilichomfanya Baraka aseme ukweli?
3. Kwa nini rakuni aliyekimbia ni tatizo?
4. Eleza kwa maneno yako: "Hapa mbwa wako si chanzo. Mbwa wako ni daraja."

B. Jaza nafasi kwa *nawa, osha, ogesha* au *fua*.

1. Tafadhali ______ jeraha kwa sabuni.
2. Kabla ya kula, ______ mikono.
3. Mama ata______ soksi zenye damu.
4. Kesho tutam______ mbwa aliyepigwa na kicheche.

C. Geuza kuwa makatazo: *Mguse popo. Mfuate rakuni. Wavute mbwa. Mfiche mama ukweli.*

D. Kazi ya nyumbani. Mwulize bibi, babu au mzee mwingine, ana kwa ana au kwa simu: mbwa walikaa wapi nyumbani kwao, ndani au nje? Kazi yao ilikuwa nini? Watoto walifundishwa nini kuhusu kuumwa na mbwa? Andika mistari mitano na uje nayo Jumamosi.

Kabla hujafunga ukurasa

Mwezi Julai mwaka 1885, mama mmoja wa Alsace alimpeleka mwanawe hadi Paris kwa mwanasayansi Louis Pasteur. Mtoto aliitwa Joseph Meister, na alikuwa na miaka tisa. Alikuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Tarehe 6 Julai alianza kuchanjwa, na hakuugua. Leo dunia huadhimisha siku ya kupambana na ugonjwa huu kila tarehe 28 Septemba, tarehe aliyofariki Pasteur.

Mama yule aliweza kumpeleka mwanawe Paris kwa sababu alijua ameumwa. Baraka alipona kwa sababu hatimaye alisema. Nawe, ukiumwa, ukikwaruzwa, au hata usipokuwa na hakika, nenda kwa mtu mzima unayemwamini na useme. Tutazungumza kuhusu mbwa baadaye.

Tuonane Jumamosi. Msisahau madaftari.